Mstari wa Arobaini na Moja

Newala, saa tano usiku, ukungu umelala mlangoni.
Nimetuma tawi langu likakaguliwe:
programu ya mizani ya chama cha msingi,
siku sita za kazi. Nikajiona fundi.

Somoe, aliye Nachingwea, hakusifu.
Aligusa mstari wa arobaini na moja:
"Hapa unakata desimali.
Gramu za watu zinakwenda wapi?"

Gramu!
Nilimwandikia jibu kali, nikalifuta.
Nikaandika jingine, refu zaidi. Nalo nikalifuta.

Kisha nikafungua daftari la msimu uliopita,
nikajumlisha vijisehemu ambavyo ningevidondosha
gunia kwa gunia, jina kwa jina,
hadi jina la mama, Bi Nantende Chilumba:
kilo tatu na ushei.
Kijiji kizima, magunia mawili ya korosho
yasiyo na mwenyewe.

Nikarekebisha. Nikatuma tena.

Alfajiri, ndoo zikiwa foleni bombani,
simu ikatetemeka mfukoni:
alama ya vema, na neno "Unganisha."
Nikaunganisha nimesimama hapo hapo, zamu yangu ikanipita.

Mwaka wa pili huu tunakaguana.
Sauti yake siijui.