Sitini na Moja

Kifungu cha kwanza kiliandikwa kwa kalamu nyekundu,
maana ya bluu ilimwishia mtendaji katikati ya neno "kaya":
Kila kaya ya Itundwe iwe na gobore moja,
lisafishwe, lining'inizwe, likaguliwe kila robo ya mwaka.
Atakayekosa, faini mbuzi.
Asiye na mbuzi, kazi ya barabara siku kumi.
Leseni zitafuatiliwa wilayani.

Mimi ndiye mhunzi. Wote waligeuka kunitazama
kama bwana harusi aliyechelewa.

Kapalata mrina asali alisimama kwanza.
Walimchukulia ng'ombe saba mwezi wa Rajabu,
mkewe akapigwa bapa la panga mgongoni.
"Wanaokuja usiku hawapigi ramli," alisema.
"Wanajua nyumba ipi ina mwanamume,
ipi ina kikohozi tu.
Tukiwa nayo wote, watabahatisha wapi?"
Makofi. Hata mimi nilipiga,
na nilimaanisha.

Mayunga, kijana wa tumbaku, hakungoja kuitwa:
"Na siku tukigombea mpaka wa shamba?
Mwaka jana mimi na Ntabo tulipigana kwa mipini ya majembe,
leo tunakunywa kopo moja.
Tungepigana kwa hayo, kopo angelishika nani?"
Mtu alicheka. Ntabo hakucheka.

Kisha Kalunde, mjane wa Msabila:
"Mlango wangu ni kitenge.
Hiyo bunduki nitaiegemeza wapi?"

Mtendaji akasema swali hilo si la kisheria.

Kura za mikono.
Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu.
Viwili niliviacha porini siku bomba la usukani
liliponipasukia nikilijaribu,
na sungura akanitazama, akaenda zake.
Niliupandisha huohuo.
Msihesabu vidole, nikawaambia, hesabuni mkono.
Upande gani, sisemi.
Nina watoto sita na deni la mbolea.

Ilipita.

Kaya sitini na moja. Mivukuto haikulala.
Mke wangu aliandika majina kwenye daftari la mtoto,
kati ya jedwali la saba na la nane.

Kalunde alikuja jioni ya mvua,
na kisado cha karanga kama rubuni.
Hakuketi.
"Nitengenezee lisilosema."
Sikumwelewa.
"Sheria inataka niwe nalo. Niliisikiliza hadi mwisho.
Haikusema liwe na mdomo.
Binti yangu wa kati anatembea usingizini, fundi.
Anashika chochote anachokutana nacho."

Nikachonga mninga, kitako kizuri kuliko vyote.
Nikaziba bomba kwa chuma, nikalipaka mafuta.
Alilichukua kichwani, kama kuni.

Nilidhani ni yeye tu.
Wiki hiyohiyo akaja mama yake Ntabo, kwa mlango wa nyuma.
Akaja mwalimu wa madrasa.
Akaja Mayunga, akidai anamtumikia babu yake.
Na juzi, jogoo hajawika, akaja Kapalata mwenyewe
na lake mkononi, limefungwa kwenye gunia.
Alikuna shingo muda mrefu.
"Mke wangu," alisema, akanyamaza.
"Mke wangu analiamkia hili asubuhi
kabla hajaniamkia mimi.
Lizibe."

Ukaguzi wa robo ya kwanza: sitini na moja ukutani,
alama za vema sitini na moja,
barua ya pongezi kutoka wilayani, yenye mhuri.
Mangapi yana sauti, ninajua mimi,
na sijui kama ni mengi mno
au machache mno.

Mbwa wakibweka ng'ambo ya mto Wala
ninaamka, ninakaa kitandani gizani,
ninatega sikio kwanza
upande wa Kalunde.