Kapu la Ghorofa ya Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Gldani ina tongo machoni.
Maghorofa ya zege yamesimama na kamba zao za nguo,
suruali za watu wasioamkiana
zimekumbatiana usiku kucha juu ya maegesho.
Natoka zamu ya duka la dawa,
miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira,
na kitanda kinaniita, nami najifanya kiziwi.
Kwanza nipite kwa Nugzari.

Tanuri lake liko chini, ngazi sita za kushuka,
dirisha liko usawa wa vifundo vya wapita njia.
Ukiinama utamwona akilivuta donge la unga hadi lipinde kama upanga,
kisha anajitumbukiza motoni, kichwa na mabega,
kama mtu aliyeangusha pete kisimani.
Kila mara namwombea.
Kila mara anaibuka, nyusi zote mbili zipo,
analalamikia bei ya gesi.

Harufu ya mkate hupanda juu bila nauli.
Sisi wengine tuna lifti inayokula sarafu:
tia tetri ishirini upande,
usipotia, shauriana na magoti yako.
Ndiyo sababu Tsiala ana kapu.

*Mtiiindi!*
Huyo ni Lamara, na chupa zake ndani ya kigari cha mtoto
ambaye sasa ana ndevu.
Sauti yake ina kutu na ina sukari.
Nyuma yake Bombora, mbwa wa kila mtu,
kibati cha njano sikioni,
anatembea kama karani anayewahi ofisini.

Jua la hapa halina mlima wa kutokea.
Hupenya kwa ubavu kati ya jengo la tatu na la nne
kama mtu anayeomba radhi kwenye foleni.
Hugusa madishi ya televisheni kwanza,
halafu mitungi ya nyanya iliyopangwa kwenye roshani kungoja baridi,
halafu kipara cha mzee wa jengo la pili,
ambaye huvuta sigara akiwa na fulana, hata Novemba,
na kwa dakika moja, moja tu,
kipara kile ni kuba la dhahabu.
Sijawahi kumwambia.

Leo kapu limeshuka kama kawaida,
likizunguka taratibu mwisho wa kamba.
Miaka kumi na moja limekuwa likileta sarafu za mkate mmoja,
zimefungwa kwa karatasi ya kalenda, tarehe ya jana.
Nugzari akahesabu. Akahesabu tena.
Akatoka hadi barabarani, unga mpaka kwenye kope:
"Tsiala! Umezidisha!"

Huko juu kitambaa cha kichwa kikachungulia,
na mkono ukanyoosha vidole viwili.

Hakuna aliyeuliza.
Nugzari alirudi chini, akachagua mikate kama anayechagua maharusi.
Lamara akaweka chupa ya mtindi ambayo haikuagizwa:
"Atalipa kesho. Au asilipe."
Kapu likapanda, sote shingo nyuma,
likampita mtoto anayesukutua mdomo ghorofa ya pili,
likapita paka, likapita redio,
na mkono uliolipokea
haukuwa wa Tsiala.
Mkono mpana. Saa imevaliwa kulia.

Tulinyamaza kwa heshima
mpaka dirisha likafungwa,
ndipo tukaanza.

Niliwaacha wakibishana: mwana, mume, mpangaji,
nikiwa nimekwisha kula ncha ya mkate wangu,
maana ncha haijawahi kufika nyumbani kwa mtu yeyote Gldani.
Naishi ghorofa ya tisa.
Tetri ishirini zilikuwamo mfukoni.
Nilipanda kwa miguu,
na mbele ya mlango wa saba nikapunguza mwendo,
si kwa umbea tu:
ndani, vijiko viwili
vilikuwa vinakoroga chai,
kimoja haraka, kimoja polepole.