Kidole Chao

Jumanne usiku, Grimsby, ghorofani juu ya maktaba,
hita moja inakohoa zaidi ya kutoa joto.
Bi Glenys Thackray anafuta ubao kwa mkono wa sweta,
anaandika "everyone."
Ni watu wangapi hao?
Wote, anajibu Ionela, anayefagia ofisi za bandarini
kabla wenye ofisi hawajaamka.
Wote, naam, lakini kitenzi chao ni cha mmoja.
Halaiki nzima imevishwa koti la mtu mmoja.
Hêmin kinyozi anaandika, anapiga mstari, anaguna:
laiti na kodi ya nyumba ingetuhesabu hivyo.

Kisha "it."
Kidude cha herufi mbili
kinachosimamishwa pasipo na mtu.
Mvua inapiga vioo.
Katika lugha ninayoandikia haya, mvua hunyesha yenyewe,
haimwombi mtu ruhusa;
hapa sharti apatikane wa kutwishwa kitenzi,
na asiyekuwapo ndiye anayetwishwa.
"It" inanyesha. "It" ni baridi. "It" ni saa mbili usiku.
Hajawahi kuonekana. Halipwi. Halalamiki.

Mfanyakazi bora, anasema Zydrūnas,
na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu wiki iliyopita.

Zydrūnas, Mlithuania, mpakiaji wa samaki wa barafu.
Mkono wa kushoto haujatoka mfukoni tangu Septemba.
Kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi tano
za watu wasiojulikana.
Ameleta moja:
mtu fulani alipoteza kidole chake mashineni.
"Chake" ya kiume, ameandika,
maana Kiingereza humchungulia mtu kwanza, mume au mke,
ndipo kimrudishie kilicho chake.

Kalamu nyekundu inashuka.
Hatujui ni nani, anaeleza Bi Thackray, kwa upole,
na asiyejulikana siku hizi hupewa wingi. Ni adabu.
Anakata "his," juu yake anaandika "their."

Zydrūnas anaitazama. Midomo yake inahesabu.
Chao?
Wao wangapi, kidole kimoja?

Wenye hisa, anadakia Hêmin, na darasa linacheka,
hata Bi Thackray anacheka,
mpaka mkono unapotoka mfukoni
na kulazwa mezani
kama mtu anavyotoa kitambulisho bila kuombwa.

Kando yake, barua ya kampuni, imekunjwa mara nne.
"It" inasikitika, yasema barua. Yule yule wa mvua.
Mtu, yasema, hapaswi kukaribia kisu.
Mtu yeyote angeweza kuteleza.
Hakuna mtu wa kulaumiwa.

Bi Thackray alisahihisha gazeti la mji miaka thelathini na mmoja.
Anaisoma. Anairudia.
Anatafuta kosa, walau nukta ya kuhamisha.
Hakuna. Sarufi ni safi kama meza ya mchinjaji asubuhi,
na usafi huo ndio unaompandisha damu usoni.

Nani alifungua kinga ya kisu?
Someone, anaanza Zydrūnas, kwa mazoea.
Hapana. Hilo tumeshajifunza. Nani?
Craig Ollerenshaw, msimamizi wa zamu. Alisema inatuchelewesha.
Basi andika Craig Ollerenshaw.
Na aliyekatwa?

Anachukua kalamu ile ile nyekundu.
Lugha hii haimpi "wewe" herufi kubwa katikati ya sentensi,
wala "yeye," wala "sisi"; humpa "mimi" peke yake,
jambo ambalo siku zote nimeliona kuwa majivuno.
Usiku ule sikuliona hivyo.
Aliiandika polepole, "I,"
ikasimama juu ya mstari,
nyembamba, wima,
kidole.

Saa mbili unusu mlinzi alizima taa za ngazi.
Kituoni Bi Thackray alipekua mkoba, mwavuli haumo.
Mtu huzoea, alijisemea, kisha akajisahihisha,
kwa sauti, mbele ya Ionela:
sijazoea.