Nukta Katikati ya Mto

Nilimnunulia Lempi simu alipotimiza miaka tisa,
si kwa zawadi, kwa hofu.
Siku mbili kwangu, Pello ya Ufini,
siku tano kwa mama yake, Pello ya Uswidi:
jina moja, mto katikati,
na ng'ambo ile saa ziko nyuma kwa saa moja.
Akienda kwa Marit anapunguza umri,
akirudi kwangu anaudai.

Kwenye kioo changu yeye ni nukta ya buluu
isiyo na kofia, isiyo na pengo la jino la juzi.
Nikiwa karakanani, mikono ina grisi,
naiamsha kwa kifundo cha kidole:
shuleni. Bado shuleni. Darajani. Kwa mama.
Hapo ndipo nashusha pumzi na kushika spana.

"Unamlinda yeye," Marit aliniuliza, "au unanichunga mimi?"
Sikumjibu.
Maana Ijumaa moja nukta ililala barabara nisiyoijua,
kwa Torsten fulani, mfuga mbwa.
Nikaikuza kwa vidole viwili
mpaka paa la mtu likajaa kiganja changu.
Macho hayana pazia, ni kweli,
ila yangu siku ile yalikosa na haya.
Mtoto alikuwa salama.
Mimi ndiye sikulala.

Ramani haijui majira. Kwake mto ni maji mwaka mzima.
Majira ya baridi tulicheka, Lempi na mimi,
tukitazama nukta yake ikivuka kwa ski,
binti anayetembea juu ya maji.
Lakini hii ilikuwa mwisho wa Aprili,
na barafu ya Aprili ni ahadi ya mlevi:
inang'aa, haibebi.

Jumanne, saa tisa na dakika tisa kwangu,
saa nane na dakika tisa kwake,
nukta ilikuwa katikati ya buluu.
Haikusogea.
*Mara ya mwisho kuonekana: dakika kumi na moja zilizopita.*
Nikapiga. Haipatikani.

Sikumbuki barabara.
Nakumbuka kibao cha manispaa, MARUFUKU, nikakipita.
Nakumbuka maji ya theluji yakiingia viatuni
na barafu ikilia chini yangu kama mlango wa zamani.
Lempi!
Uswidi ikanirudishia jina lake limechelewa,
kana kwamba nalo lilivuka mpaka wa saa.
Hakuna shimo. Hakuna kofia.
Nyayo za ski za mwezi Machi tu, zimelowa, hazina mwenyewe.

Ndipo mfuko ukatetemeka.
"Baba, simu iliisha chaji darajani, nimeichomeka hapa kwa mama."
Nikashindwa kusema.
"Baba, naona nukta yako. Mbona uko mtoni?"

Kisha sauti yake ikabadilika,
ikawa sauti ninayoijua, maana ni yangu:
"Usikimbie. Geuka polepole.
Rudi kwa nyayo zako, zilikubeba zikija.
Nakuangalia."
Nikarudi, mzee wa miaka arobaini na sita,
nikiongozwa na mtoto wa darasa la tatu.
"Umesogea," alisema. Kimya. "Umesogea tena."
Nikasikia anavyopumua.
Hivyo ndivyo ninavyopumua karakanani kila siku,
na sikuwahi kujisikia.

Nilipokanyaga changarawe ya ukingo
alikata simu bila kuaga.
Nadhani alikuwa analia. Ramani haionyeshi hilo.

Usiku, kwake saa tatu, kwangu saa nne,
ujumbe ukaingia:
*Hujalala? Nukta yako iko nyumbani.*
Nilikuwa jikoni, soksi zikikauka juu ya jiko.
*Niko,* nikaandika.
Halafu nikapiga hatua tatu kuelekea dirisha la upande wake.
Najua hatua tatu hazionekani kwenye ramani.
Nikazipiga hata hivyo.