Mnyama Mwenye Soksi Ndefu

Mama yangu huvisha ngozi wanyama ambao hajawahi kuwaona,
wala wewe hujawaona, wala babu wa babu yako.
Kiwandani Zigong, benchi la nne kutoka mlangoni,
hubandika soksi ndefu za kike, zile nyembamba,
juu ya sponji lililochongwa mbavu na mapaja,
kisha hupaka mpira wa majimaji, tabaka juu ya tabaka,
na kabla haujakauka huuchora mikunjo
kwa kijiti cha kulia wali.
Soksi hununuliwa kwa kilo.
"Bibie huyu," husema, akilipiga kofi paja,
"ana soksi nyingi kuliko mke wa meneja."

Zamani mji wetu ulikuwa mji wa chumvi.
Babu yake mama, mzee Qiu, aliswaga nyati kisimani:
wazunguke, wazunguke, vitambaa machoni,
kamba ipande na maji machungu ya tumbo la ardhi.
Nyati akichoka, aliliwa.
Pilipili nyingi, maana nyama ilikuwa ngumu.

Mama ni wa nje, mimi ni wa ndani.
Mimi ndiye fundi wa matumbo.
Mota ya waipa ya gari huinua kope,
mota ya waipa ya gari hutikisa mkia;
kitu kilichoumbwa kufuta mvua
nimekifundisha kupumua.

Sasa tuko Szczecin, mwezi wa kwanza,
karakana ya zamani ya garimoshi, theluji hadi magotini.
Dinosaria wetu ana mdomo wa bata
na mayai kumi na moja ya plasta.
Kibao kimeungama: *Rangi ni ya kukisia.*
Hakikusema nani alikisia.
Ni mama, aliyetazama birika lake lililobanduka rangi
akasema, "Hii."

Na sauti, je? Sauti hakuna aijuaye.
Kijana Deng aliipika kwenye kompyuta:
mlio wa nyati, aliouvuta ukawa mrefu,
bawaba ya lango la ghala,
na kikohozi cha mama, kilichoingia kwenye kinasa bila kualikwa.
Deng alikisikiliza mara mbili,
akakiacha.

Leo asubuhi shule ilikuja, buti na makamasi.
Mtoto mmoja, Gniewko, alisimama nyuma ya kamba
wenzake walipokimbilia wale wenye meno.
Akauliza: "Huyu amekufa, au hajazaliwa?"
Mwongozaji akainama: "Ni mashine, mpenzi."
"Najua ni mashine," akasema. "Nauliza yeye."

Bi Halszka wa tiketi ndiye aliyenitafsiria, saa ya chai.
Nilicheka. Kisha nikakosa pa kuiweka ile bisibisi.

Maana nyati wa mzee Qiu alikuwa na macho, yakafungwa.
Huyu ana vioo, na tunavifungua mara tisa kwa dakika
ili watoto waamini kuwa anawaona.
Sijui ni yupi tuliyemdanganya zaidi.
Najua tu kwamba hakuna anayemla huyu,
na kwamba Gniewko, alipoondoka,
alimpungia mkono.

Jioni jicho la kushoto limekwama nusu.
Nimefungua zipu ya shingo, nimeingiza mkono hadi begani;
vumbi, grisi, na soksi moja imefumuka,
tundu dogo kama la kidole gumba cha mguu.
Nimekaza skrubu, nimebonyeza kitufe cha kujaribu.
Ukumbi mtupu. Nyati akalia. Lango likalia.
Mama akakohoa.

Nimebonyeza tena. Hapakuwa na kasoro.

Kwao ni alfajiri nilipompigia.
Miezi mitatu sasa haendi kiwandani; daktari amemkataza rangi.
Hakuuliza kama nimekula, wala kama kuna baridi.
"Kwapani," akasema, "hapajachanika?"
"Hapajachanika, mama."
"Huwa panaanzia kwapani."

Nje, kwenye maegesho, gari la Bi Halszka
limefukiwa hadi kioo.
Amewasha injini, anangoja lipate joto.
Taratibu, chini ya ile theluji yote,
linaanza kupepesa.