Duara

Kila asubuhi nafagia gati hapa Antigua
kabla meli ya watalii haijatapika abiria wake.
Duara bado lipo, mti na chuma,
lile alilolisukuma kwa kifua
Mingo, babu wa babu yake bibi yangu,
yeye na wenzake thelathini,
hadi manuwari ya mfalme ikalala ubavu,
mkuku nje,
kama mgonjwa anayeogeshwa.

Walioiogesha ni wao.
Walikwangua makome, wakatia kalafati, wakapaka deheni,
wakairudisha majini ikapige mizinga
visiwa vya watu wasiowajua.

Ubao wa shaba ukutani unataja maadmirali.
Daftari la stoo linasema hivi tu:
Mingo, wa kalafati. Mkono wa kulia haufai tena.
Mstari unaofuata ni mapipa ya lami.

Jana mtalii kaniuliza vita vilipiganwa wapi hasa.
Nikamwonyesha duara.
Akalizunguka akitafuta tundu la risasi,
asione.
Mpini wake umelainika mahali pamoja,
kimo cha kifua.
Sikumwambia.
Nilirudi kwenye ufagio;
majani ya mkungu hayana mwisho.