Maji ya Kunde

Sanduku limefika posta ya Mbale,
kona moja imepondeka, mwanasesere yu mzima.
Wa kumi na tisa kabatini mwangu.
Ubavuni wameandika rangi yake: Karameli.

Ninaye Asali, ninaye Lozi na Mdalasini,
ninaye Kahawa-na-Maziwa
aliyenimalizia kodi ya mwezi.
Wote wanalika.
Mmoja tu, mweusi ti, wa nusu bei,
sanduku lake lina namba, jina halina.

Huyo ndiye Mutonyi aliyempakata.
“Mama mdogo, huyu ana ladha gani?”

Nilitaka kuwalaani wenye kiwanda.
Ulimi ukanikwama.
Si mimi niliyemsifu bi harusi kule Wanale,
“Tazameni, maji ya kunde!”
na Mutonyi kasimama papo hapo na trei ya soda,
yeye tunayemwita Masizi,
kwa utani, tunasema,
kwa utani?

Kunde nimezichemsha tangu utotoni.
Maji yake humwagwa uani, kuku wakaruka.
Kinachorudi mekoni ni chungu,
cheusi, cha bibi, hakijapasuka.

Nikachukua kalamu nimpe jina yule wa namba.
Nikaandika Mtama.
Nikakata. Nao unalika.
Nikaandika Usiku, nikaona haya.

Mutonyi akaninyang'anya kalamu,
akaandika, herufi zikipanda mlima: Khainza.

“Hilo si jina la rangi,” nikamwambia.

Hakunijibu.
Alikuwa akimfunga mshipi wa gomesi,
ulimi nje, kidole kikishikilia fundo.